Kiti cha roshani Puri siku ya Ratha Yatra: kinamfaa msafiri wa Mtwara na Lindi?

Kama unatoka Mtwara au Lindi na unataka kuiona sikukuu kubwa ya Wahindu katika mji wa hekalu, nunua kiti cha roshani mjini Puri, jimbo la Odisha, mashariki mwa India, siku ya Ratha Yatra, sikukuu ambayo miungu hutolewa hekaluni na kukokotwa barabarani juu ya magari makubwa ya mbao. Kiti kiwe ghorofa ya kwanza, upande wa magharibi wa barabara, na kisizidi theluthi ya kwanza ya safari ya magari kutoka lango la hekalu. Kiti cha namna hiyo nakipa nyota tano bila kusita. Kilichoko mwisho wa barabara nakipa mbili, hata kama bei yake ni nusu, kwa sababu unaweza kukaa kutwa nzima na usione gari hata moja likipita. Cha juu ya paa la ghorofa ya nne nakipa tatu: upepo unaupata, picha ya umati unaipata, lakini miungu wanafichwa na vitambaa vya mapaa ya magari.

Puri inastahili kuchaguliwa mbele ya miji mingine ya mahekalu kwa sababu ya jambo moja. Hekalu la Jagannath, lililojengwa karne ya 12, haliruhusu asiye Mhindu kuvuka lango. Mwislamu au Mkristo wa Kusini atabaki nje, awe amekuja na barua ya nani. Siku ya Ratha Yatra miungu wenyewe ndio hutoka. Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra hupandishwa kwenye magari matatu ya mbao na kukokotwa na watu karibu kilomita 3, kupitia barabara kuu iitwayo Bada Danda, hadi hekalu la Gundicha. Siku hiyo anayeshika kamba haulizwi dini wala tabaka. Njiani, eneo la Balagandi, kuna kaburi la Salabega, mshairi Mwislamu wa karne ya 17 aliyemtungia Jagannath nyimbo zinazoimbwa mpaka leo Odisha nzima, na gari la Jagannath husimama hapo kila mwaka kwa heshima yake. Kwa msomaji wa pwani yetu, ambako msikiti, kanisa na duka la Mhindi vimekaa mtaa mmoja miaka mingi, kituo hicho peke yake kinatosha kuifanya safari iwe na maana.

Ili uchague kiti vizuri lazima uyajue magari. Kubwa ni Nandighosha la Jagannath, lenye magurudumu 16 na urefu wa karibu mita 13 na nusu kwenda juu. Vitambaa vyake ni vyekundu na vya njano. Taladhwaja la Balabhadra lina magurudumu 14, vitambaa vyekundu na kijani. Darpadalana la Subhadra lina 12, vyekundu na vyeusi. Huundwa upya kila mwaka kwa mbao mpya, na mafundi huanza kazi siku ya Akshaya Tritiya, karibu miezi miwili kabla ya sikukuu. Gurudumu moja linamzidi kimo mtu mzima. Kamba za kukokotea ni nene, za makumbi ya nazi, zilizosokotwa kama zile za majahazi ya Mikindani ila ukubwa wake ni mwingine kabisa, na kila moja hushikwa na mamia ya watu kwa pamoja.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloamua kila kitu. Gari halina usukani. Linaelekezwa kwa kuvuta zaidi kamba za upande mmoja, na linasimamishwa kwa magogo yanayosukumwa chini ya magurudumu. Wapiga matari ya shaba, yaani sahani za shaba zinazogongwa, hukaa mbele, juu ya gari, na mdundo wao ndio unaowaambia wavutaji lini wavute kwa pamoja. Mdundo ukivurugika au kamba zikilegea upande mmoja, gari linakwenda mshazari na kuelekea ukingo wa barabara. Hapo husimamishwa, hunyooshwa, na dakika 20 au saa nzima imekwisha. Halafu gari la nyuma haliwezi kulipita la mbele.

Linganisha hilo na ratiba ya siku. Kuwatoa miungu hekaluni, kazi inayoitwa Pahandi, huanza asubuhi na huchukua masaa: kila sanamu hubebwa na kundi la watumishi kwa mwendo wa kuyumba, hatua kwa hatua, ngoma na matari yakilia. Baadaye Gajapati, mfalme wa jadi wa Puri, hupanda kila gari na kufagia sakafu yake kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Kisha ngazi huondolewa, farasi wa mbao hufungwa mbele, na kukokota huanza alasiri, kwa kawaida kuanzia saa 10 hivi. Taladhwaja hutangulia, Darpadalana hufuata, Nandighosha huja mwisho. Jua la Puri mwezi wa saba huzama saa 12 na nusu hivi, na likishazama magari hayavutwi tena. Yanalala yalipo mpaka kesho yake. Una takriban masaa mawili na nusu kwa magari matatu yasiyo na usukani. Mwaka 2025 Taladhwaja lilikwama kwenye kona ya Balagandi, na aliyelipia kiti karibu na Gundicha akimsubiri Jagannath aliondoka jioni bila kumwona.

Kwa hiyo mita 300 za mwanzo kutoka Singhadwara, yaani Lango la Simba, ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Magari huegeshwa pale mbele ya lango tangu siku iliyotangulia, na hata kama hayatatoka kabisa, utakuwa umeona Pahandi na ufagio wa mfalme. Ubaya ni kwamba viti vya hapo vimepungua. Nyumba nyingi zilizouzunguka ukuta wa hekalu zilibomolewa kupisha njia pana ya kulizunguka, iliyozinduliwa Januari 2024, na baadhi ya mapaa yaliyokuwa maarufu kwa wageni hayapo tena. Ukikosa hapo, tafuta kuanzia Marichikot, makutano ya njia yaliyo kwenye Bada Danda hiyohiyo, kwenda mbele kidogo. Pahandi utaisikia tu, lakini magari yote matatu yana nafasi nzuri ya kukupita kabla ya giza. Kuvuka Balagandi sishauri.

Kuhusu ghorofa: jukwaa ambalo miungu wamekaa liko juu ya magurudumu na fremu, kwa hiyo aliyekaa chini barabarani hulitazama kwa kuinua shingo, na aliye juu sana huona paa tu. Roshani ya ghorofa ya kwanza inakutana na jukwaa macho kwa macho. Ya pili bado ni nzuri. Upande wa magharibi unafaa kwa sababu jambo lenyewe hutokea alasiri, na hapo jua linakuwa mgongoni. Aliye ng'ambo anapigwa usoni na picha zake zote zinatoka nyeusi.

Viti huuzwa na wenye nyumba, hoteli za barabarani na mawakala wa safari, na hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Kabla ya kulipa chochote, omba video fupi iliyochukuliwa mtu akiwa amesimama mahali kiti kitakapowekwa, mchana, kamera ikianzia kwenye kiti na kugeuka mpaka lango la hekalu lionekane au lisionekane. Picha peke yake haitoshi, maana inaweza kuwa ya jengo lolote. Uliza kwa maandishi: ni kiti au ni mkeka? Mstari wa kwanza au wa tatu? Watu wangapi watakaa hapo, na vyoo ni vingapi? Choo kimoja kwa watu 25 ni cha kuvumilia. Kimoja kwa watu 80 kutwa nzima hakivumiliki. Ngazi ni moja au mbili, na je, kuna mlango wa kutokea nyuma kwenye uchochoro? Mlango wa nyuma ni wa lazima kuliko chakula cha mchana wanachokutangazia, kwa sababu Bada Danda ikishajaa huwezi kutokea mbele mpaka usiku.

Swali ambalo wageni wengi hulisahau ni la uimara wa jengo. Kila mwaka mamlaka za mji huorodhesha nyumba kuukuu za barabara hiyo na kupiga marufuku watu kupanda juu yake. Nyumba ikiingizwa kwenye orodha siku mbili kabla, kiti chako kimekufa. Mwulize muuzaji kama jengo limekaguliwa, na andikianeni kwamba likizuiwa atakurudishia pesa yote au atakupa roshani nyingine ndani ya umbali uleule. Lipa nusu mwanzo, nusu ukishakikalia kiti. Anayetaka yote mapema bila risiti ni kishoka, na vishoka wa Puri hawana tofauti na wale wa stendi zetu. Mwogope pia yule atakayekuambia anaweza kukuingiza hekaluni kwa mlango wa pembeni ukivaa nguo za Kihindi. Ni uongo, na ni kuwakosea adabu wenye mahali pao pa ibada.

Siku yenyewe toka unapolala saa 11 alfajiri na uwe kitini kabla ya saa 1. Polisi hufunga barabara za kuingilia mapema, bajaji hazifiki karibu, na kilomita 2 za mwisho ni za miguu. Beba maji lita 3 kwa kila mtu, pakiti mbili za chumvi na sukari ya kuongezea mwili maji, kofia, na koti jepesi la mvua. Mwavuli hautakiwi roshanini kwa kuwa unawaziba wa nyuma. Ni majira ya mvua za monsuni: jua kali la asubuhi linaweza kuwa mafuriko ya saa 8. Joto lenyewe ni la kawaida kwa mtu wa pwani. Kinachoangusha watu ni unyevunyevu pamoja na kusimama bila kunywa maji. Zimamoto huwamwagia maji watu walioko barabarani ili kuwapoza, kwa hiyo simu iwe ndani ya mfuko wa nailoni. Mtandao huzidiwa kuanzia asubuhi. Pangeni mahali pa kukutana kabla ya kutoka gesti, na mtoto aandikwe namba ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika. Mtoto chini ya miaka saba aachwe nyumbani kabisa.

Je, ushuke kushika kamba? Wengi wanataka, na hakuna anayekukataza kwa sababu ya dini yako. Lakini umati ni wa mamia kwa maelfu ya watu katika barabara moja. Ukiamua, usishuke wakati wa kuanza kukokota, shuka gari likiwa limesimama. Ingia kwa pembeni kuelekea ncha ya kamba iliyo mbali na gari, shika, kisha utoke kwa pembeni uleule kabla matari hayajalia tena. Usisimame kati ya kamba na ukuta wa nyumba, kwa sababu kamba ikikazwa upande huo huna pa kwenda. Usiiname kuokota kitu. Ukibanwa, mikono ikae kifuani kulinda nafasi ya kupumua, na usogee mshazari ukifuata mkondo wa watu badala ya kushindana nao. Usidhani usiku ni salama zaidi. Mkanyagano wa 29 Juni 2025, uliotokea karibu na hekalu la Gundicha na kuua watu watatu, ulikuwa alfajiri, watu wakisubiri kuwaona miungu waliokuwa bado juu ya magari.

Kwa msafiri mwenye pesa ya kupima, au mzee asiyeweza umati, siku za pembeni zina thamani kubwa kuliko wauza viti wanavyokubali kusema. Siku chache kabla ya sikukuu magari humaliziwa barabarani, karibu na kasri la Gajapati. Unatembea karibu, unaona mafundi wakipaka rangi na kushona vitambaa, na hulipi kitu. Magari yakishafika Gundicha hubaki nje siku kadhaa, na mchana wa katikati ya juma unaweza kuyatazama kwa nafasi. Siku ya tano, Hera Panchami, mungu wa kike Lakshmi huletwa kwa machela akiwa amekasirika kwamba mumewe amemwacha nyumbani, na watumishi wake huvunja kipande cha Nandighosha kabla ya kurudi. Safari ya kurudi, Bahuda Yatra, ni ya siku ya tisa, na siku inayofuata ni Suna Besha, ambapo miungu huvishwa dhahabu wakiwa juu ya magari mbele ya Lango la Simba. Umati wa Suna Besha ni mkubwa, ila magari hayatembei, hivyo hatari ya kamba haipo na huna wasiwasi wa gari kukwama njiani. Kama ningetakiwa kumshauri mtu wa makamo aende mara moja tu maishani, ningemwambia afike kwa Bahuda, alale, aone Suna Besha.

Kila jioni pia, mwaka mzima, mtumishi wa hekalu hupanda mnara wa karibu mita 65 bila kamba wala ngazi na kubadilisha bendera juu kabisa. Huonekana vizuri ukiwa nje. Fika nusu saa kabla ya magharibi.

Chakula kinahitaji maelezo. Sifa kubwa ya Puri ni mahaprasad: wali, dengu na mboga vilivyopikwa hekaluni kwa kuni, kwenye vyungu vya udongo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, bila kitunguu, bila kitunguu saumu, bila pilipili, viazi wala nyanya. Soko lake, Ananda Bazar, liko ndani ya kuta za hekalu, kwa hiyo asiye Mhindu hupata mahaprasad kwa kuletewa tu. Siku miungu wapo Gundicha, upishi huhamia huko. Mwislamu ajue kwamba chakula hiki kimekwisha kutolewa kwa miungu kabla ya kuuzwa. Anayejizuia aseme mapema kwa upole, wala mwenyeji hachukii. Khaja hupatikana mitaani: ni tabaka nyembamba za unga wa ngano zilizokaangwa na kuchovywa kwenye shira. Hukaa siku nyingi bila kuharibika na ndiyo zawadi ya kubeba. Uliza kama ni ya dukani tu au imetoka hekaluni. Nyama karibu na hekalu hutaipata. Samaki wapo kwa wingi upande wa ufukweni.

Tarehe hufuata mwezi mwandamo, lakini Wahindu huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo sikukuu haiachani na majira: mwaka 2025 ilikuwa 27 Juni, na ya 2026 ni 16 Julai. Kwa mkulima wa Newala, Tandahimba au Masasi huo ndio msimu wa kupulizia mikorosho, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haungoji mtu, na pesa ya minada ya mwaka uliopita mara nyingi imeshatawanyika. Anayetaka kwenda atenge nauli malipo ya korosho yanapoingia, kati ya Oktoba na Januari, na apange mtu wa kupuliza mapema. Kiti kizuri nacho kinunuliwe miezi mitatu au minne kabla.

Njia iliyo rahisi ni ndege au basi hadi Dar es Salaam, ndege hadi Mumbai au Delhi, nyingine ya ndani hadi Bhubaneswar, halafu kilomita 60 hivi kwa treni au teksi. Viza ya mtandaoni iombwe kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, kwa kuwa zipo tovuti zinazoiga na kutoza ziada. Ukipitia Nairobi au Addis Ababa, kadi ya chanjo ya homa ya manjano isikose begini. Beba dola, badilisha ukifika, na uwe na noti ndogo za rupia 10, 20 na 50, maana wachuuzi wa Puri hulipwa kwa simu siku hizi na chenji hawana. Laini ya simu inunuliwe Mumbai au Delhi, si Puri, kwa sababu usajili wa mgeni kwa pasipoti unaweza kuchukua siku nzima kabla laini haijafunguka. Tiketi ya treni ya kurudi Bhubaneswar ikate ya keshokutwa yake, asubuhi: usiku wa sikukuu na kesho yake stesheni ya Puri hufurika, na mwenye begi kubwa hafiki hata kwenye jukwaa la treni.